Timu Mbili, Mji Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kushabikia Hoki na Futiboli ya Kimarekani

Ukiishi Buffalo, Pittsburgh, Detroit, Philadelphia, Chicago, Denver au Seattle, utakuta mji mmoja una timu mbili zinazogawana msimu ule ule wa baridi: moja ya futiboli ya Kimarekani kwenye ligi ya NFL, nyingine ya hoki ya barafuni kwenye ligi ya NHL. Wenyeji huzishabikia zote mbili tangu utotoni, na ndiyo maana hakuna anayekaa chini kukueleza zinavyoendeshwa.

Kosa la kwanza la shabiki mpya ni kuzihudumia timu hizi kwa kipimo kimoja. Futiboli ni sikukuu, hoki ni mlo wa kila siku. Timu ya NFL hucheza mechi 17 tu za msimu wa kawaida, kwa hiyo kila moja ina uzito wake. Timu ya NHL imekuwa ikicheza 82, na kuanzia msimu wa 2026–27 ni 84. Anayetaka kutazama kila mechi ya hoki kwa moto ule ule wa Jumapili ya futiboli atakuwa hoi kabla ya Krismasi. Na anayekosa Jumapili mbili za futiboli kwa uzembe wa kalenda amepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya msimu mzima. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na tofauti hiyo.

Anza na kalenda, si na jezi

Ratiba ya NFL hutoka katikati ya Mei. Ya NHL hutoka baadaye, kwa kawaida mwishoni mwa Juni au Julai. Msimu wa kawaida wa futiboli huanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Januari. Mtoano hufuata, na fainali, yaani Super Bowl, huchezwa Jumapili ya pili ya Februari. Hoki huanza karibu na mwanzo wa Oktoba, msimu wa kawaida huenda hadi Aprili, kisha mtoano hadi Juni. Miezi ya kubanana ni Oktoba hadi Januari.

Ingiza ratiba zote mbili kwenye kalenda moja ya simu. Klabu nyingi zina kiungo rasmi kinachojisasisha chenyewe mechi ikihamishwa. Tumia hicho, usinakili tarehe kwa mkono. Kisha fanya hivi: weka mechi zote 17 za futiboli kama ahadi zisizoguswa, halafu chagua mechi za hoki kumi na tano hadi ishirini ambazo utazitazama mwanzo hadi mwisho. Chukua kwanza zile za watani wa jadi (Penguins wa Pittsburgh na Flyers wa Philadelphia, kwa mfano, au Bruins wa Boston na Canadiens wa Montreal), kisha za Jumamosi nyumbani, kisha za timu mnazogombea nazo nafasi. Zilizobaki sikiliza redioni ukipika, au tazama muhtasari asubuhi. Huo si usaliti. Hata wachezaji wenyewe hawachezi mechi ya Jumanne ya Novemba kwa nguvu ya mechi ya Aprili.

Angalia pia wiki ya mapumziko ya timu yako ya futiboli. Kila timu ya NFL hupumzika wiki moja katikati ya msimu, na Jumapili hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kusafiri kuifuata timu ya hoki ugenini.

Mtego mkubwa wa kalenda ni mechi za futiboli zinazohamishwa muda. NFL ina haki ya kuhamisha mechi ya Jumapili mchana iwe ya usiku ili ile yenye mvuto zaidi ionekane nchi nzima. Kwa sehemu kubwa ya msimu taarifa hutoka angalau siku 12 kabla. Katika wiki za mwisho zinaweza kuwa siku 6 tu. Mechi za wiki ya 18, ambayo ni ya mwisho, hazipangiwi siku wala saa mpaka wiki ya 17 iwe karibu kwisha. Kwa hiyo, kuanzia Novemba, usinunue tiketi ya ndege ya kurudi Jumapili usiku kwa kuamini kwamba mechi itaanza saa saba mchana. Lala, urudi Jumatatu.

Jua unachokitazama

Futiboli ina robo nne za dakika 15, lakini saa husimama mara kwa mara, hivyo tenga zaidi ya saa tatu. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapata manne mengine. Ikishindwa, inaupoteza mpira. Ndiyo maana jaribio la tatu ndilo linaloinua watu vitini: likishindikana, kwa kawaida la nne hutumika kuupiga mpira mbali au kujaribu mkwaju wa kupita kati ya nguzo. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi 6, mkwaju mdogo unaofuata ni 1 (au 2 wakiamua kuuingiza tena kwa mchezo wa kawaida), mkwaju wa kati ya nguzo ni 3, na kumwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe ni 2.

Hoki ina vipindi vitatu vya dakika 20 na mapumziko mawili ya takriban dakika 18. Kila timu ina watu sita barafuni, kipa akiwa mmoja wao, na hubadilishana mbio mbio: mchezaji hukaa barafuni kama sekunde 45 tu kisha anatoka. Mgeni hulalamika kwamba haioni paki, yaani kisahani kinachochezewa. Dawa yake ni kuacha kuikimbiza kwa macho. Tazama wachezaji wasio na paki wanaelekea wapi, na mwonekano wa kipa. Paki itakuja yenyewe. Kuotea kupo, na mantiki yake utaielewa haraka kama umezoea soka: mshambuliaji hatakiwi kuvuka mstari wa buluu wa eneo la wapinzani kabla ya paki. Kosa dogo humtoa mchezaji dakika 2 na timu yake hubaki pungufu. Wapinzani wakifunga, adhabu huisha papo hapo. Kosa kubwa ni dakika 5, na hapo hata wakifunga matatu adhabu inaendelea.

Msimamo wa ligi ya hoki huwachanganya wengi. Ushindi ni pointi 2, hata ukipatikana katika muda wa ziada. Kufungwa ndani ya dakika 60 ni sifuri, lakini kufungwa katika muda wa ziada au kwa mikwaju kunakupa pointi 1. Muda wa ziada wa msimu wa kawaida ni dakika 5, watatu kwa watatu, kisha mikwaju. Kwenye mtoano mikwaju haipo: vinachezwa vipindi vipya vya dakika 20, watano kwa watano, mpaka mtu afunge, hata kama ni saa nane usiku. Mechi ya sita ya fainali ya 1999 kati ya Dallas Stars na Buffalo Sabres iliisha katika muda wa ziada wa tatu kwa bao la Brett Hull, na mpaka leo Buffalo wanabisha kwamba mguu wake ulikuwa umeingia eneo la kipa isivyo halali. Ukienda huko, usianzishe mjadala huo kama huna jioni nzima ya kupoteza.

Kutazama nyumbani bila kulipia usichokihitaji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Ligi zote mbili huuza vifurushi vya kutazama mechi za timu za nje ya eneo lako, na vifurushi hivyo huzuia mechi za timu ya mji unaoishi. Sunday Ticket ya NFL, ambayo tangu 2023 iko YouTube, ni kwa ajili ya shabiki wa Steelers anayeishi Denver, si wa anayeishi Pittsburgh. Ukiwa nyumbani na timu yako, usiinunue.

Kwa futiboli unachohitaji zaidi ni antena. Mechi za Jumapili za timu ya mji huonyeshwa bure hewani, kwa kawaida kwenye CBS, Fox au NBC. Saa za kawaida kwa majira ya mashariki ni saa saba mchana, saa kumi na dakika chache alasiri, na saa mbili na dakika 20 usiku. Mechi za Alhamisi ziko Prime Video tangu 2022, lakini katika miji ya timu zinazocheza huonyeshwa pia na kituo cha hewani cha mji huo. Mechi za Jumatatu za ESPN hufuata utaratibu huo huo. Weka antena dirishani, upande unaotazama minara ya vituo, na uiamuru televisheni itafute chaneli upya kila mwanzo wa Septemba. Vituo hubadilisha masafa na watu hudhani antena imeharibika.

Hoki ni kinyume. Mechi nyingi za msimu huonyeshwa na chaneli ya michezo ya mkoa au huduma ya mtandaoni ya timu yenyewe, na hiyo ndiyo ya kulipia. Zinazobaki, za taifa zima, zimekuwa ESPN na TNT tangu 2021. Kabla ya kulipa uliza jambo moja tu: je, anwani yangu ya posta iko ndani ya eneo la timu? Jibu ndilo litakaloamua kifurushi kipi kinafaa, na mpaka wa eneo hilo mara nyingi ni wa ajabu kuliko ramani inavyokuonyesha.

Redio usiidharau. Watangazaji wa redio wa timu huishi nayo mwaka mzima na huona mengi kuliko wale wa taifa wanaokuja mara moja. Wengi huzima sauti ya televisheni na kufungulia redio. Tatizo ni kwamba picha ya mtandaoni huchelewa, wakati mwingine zaidi ya nusu dakika, na redio inakuambia bao kabla hujaliona. Suluhisho: tumia antena kwa picha, au sikiliza redio kwa programu inayoruhusu kusimamisha sauti, isimamishe refa anaporusha paki, uiachie unapoona tukio hilo kwenye kioo. Na zima arifa za matokeo kwenye simu. Hizo hazisubiri mtu.

Tiketi

Timu ya futiboli hucheza nyumbani mechi 8 au 9 za msimu wa kawaida, kwa kupokezana kati ya kanda mbili za ligi mwaka hadi mwaka. Tiketi ya msimu hujumuisha pia mechi za maandalizi, hivyo utalipia jumla ya mechi 10 hata kama moja au mbili kati yake hazina maana yoyote. Mechi moja ya nyumbani inaweza pia kupelekwa ng'ambo, na mwaka huo utakuwa na pungufu. Viwanja vingi, hasa vipya, hukutaka kwanza ununue haki ya kiti, malipo ya mara moja ambayo si tiketi bali ni ruhusa ya kununua tiketi ya kiti hicho kila mwaka. Soma mkataba: haki hiyo unaweza kuiuza? Ukiacha kulipa tiketi mwaka mmoja, inapotea? Mara nyingi inapotea.

Kwa mtu wa kawaida, tiketi za futiboli moja moja ndizo zenye akili, na mechi ya maandalizi ya Agosti ni njia nafuu ya kumpeleka mtoto uwanjani kwa mara ya kwanza. Hoki ndiyo inayofaa kununuliwa kwa wingi. Klabu huuza vifungu vya nusu msimu au robo msimu, na mechi za katikati ya juma dhidi ya timu isiyo na jina hushuka bei kwenye soko la mkono wa pili kadiri saa ya kuanza inavyokaribia. Ukiweza kuvumilia hadi saa moja kabla, utapata kiti kizuri. Usijaribu ujanja huo kwa mechi ya watani, ya Jumamosi, au kwa futiboli ya Desemba timu ikiwa inapigania mtoano.

Usinunue picha ya tiketi kutoka kwa mtu. Tiketi nyingi za sasa zina msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, hivyo picha iliyopigwa kwenye skrini haifungui mlango. Mwambie muuzaji ahamishe tiketi kwenye akaunti yako kupitia programu rasmi, na lipa kwa njia inayokuwezesha kudai fedha zako. Tangu Mei 2025 kanuni ya tume ya biashara ya Marekani inawataka wauzaji wa tiketi za matukio kuonyesha bei kamili, pamoja na ada za lazima, tangu mwanzo; ukiona bei inavimba hatua ya mwisho, nenda kwingine.

Njia nzuri kuliko zote kwa hoki ni kugawana tiketi ya msimu, tuseme viti viwili kwa watu wanne. Mgawanyo huu huvunja urafiki pale tu unapofanywa kwa mdomo. Andikeni.

1. Mwenye akaunti ni mmoja, na anawajibika kwa klabu kwa mwenendo wa kila anayekalia viti. Mgeni akitolewa nje kwa fujo, adhabu inaweza kumrudia yeye. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu nani anauziwa tiketi.

2. Msigawe gharama sawa kwa sawa. Klabu huwa imeweka bei tofauti kwa kila mechi kwenye tiketi ya msimu. Kila mtu alipe bei ya mechi alizochagua. Anayechukua Jumamosi zote alipe za Jumamosi.

3. Pigeni kura ya mpangilio, kisha chagueni kwa kwenda na kurudi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu wa nne, wa tatu, wa pili, wa kwanza. Mkienda kwa mzunguko wa kawaida, wa nne atanyonywa kila raundi. Mwaka unaofuata pigeni kura upya.

4. Ratiba ya mechi 84 ina 42 za nyumbani. Kila mmoja apate 10, mbili za mwisho ziuzwe na fedha ziingie mfuko wa pamoja. Mechi za maandalizi wapewe wenye watoto.

5. Mwenye akaunti ahamishe tiketi zote ndani ya siku mbili baada ya uchaguzi. Kusubiri siku ya mechi ndiko kunakozaa simu za "nimefika mlangoni, tiketi iko wapi?" wakati yeye yuko kwenye kikao.

6. Mtoano uamuliwe Septemba. Kila raundi ni mechi hadi saba, anayetangulia kushinda nne anapita, na timu iliyo na faida ya uwanja hucheza nyumbani ya 1, ya 2, ya 5 na ya 7. Mkigawa mechi moja moja, aliyepangiwa ya 7 huenda asione chochote. Raundi ijayo yeye ndiye achague kwanza. Timu ikifika mwisho kunaweza kuwa na mechi 16 za nyumbani na bei hupanda kila raundi, kwa hiyo andikeni pia kiwango ambacho kikipitwa, asiyetaka kulipa anaruhusiwa kuuza kwa bei iliyoandikwa kwenye tiketi kwa wenzake kwanza.

7. Anayetaka kujitoa aseme kabla ya tarehe ya kuhuisha, si baada.

Wapi pa kukaa

Kwenye futiboli, safu za chini kabisa zinauzwa ghali na zinaonyesha migongo ya wachezaji wa akiba waliosimama kando ya uwanja. Mgeni ataona mengi zaidi akikaa juu karibu na mstari wa kati, hata kama wachezaji wataonekana wadogo, kwa sababu mchezo ni wa mpangilio na mpangilio huonekana kutoka juu.

Kwenye hoki, viti vya kugusa kioo ni vya kusisimua mara moja: utasikia mbavu zikigongwa, lakini kona ya mbali hutaiona. Safu ya 10 hadi 20 kwenye kona ndiyo bora. Timu hubadilishana upande kila kipindi, kwa hiyo kuna upande mmoja ambao timu yako huushambulia mara mbili, kipindi cha kwanza na cha tatu. Uliza ni upi kabla ya kununua. Bei mara nyingi ni ile ile.

Paki ni kisahani cha mpira mgumu wa kipenyo cha inchi 3, uzito wa takriban gramu 160, tena uliogandishwa. Nyavu zilizo nyuma ya magoli ziliwekwa katika viwanja vyote vya NHL baada ya msichana wa miaka 13 kufa kwa kupigwa na paki huko Columbus mwaka 2002. Kwa hiyo macho kwenye mchezo, hasa kama umekaa nje ya eneo la nyavu na una mtoto. Na usisimame wala kutembea paki ikiwa mchezoni: wahudumu watakuzuia juu ya ngazi mpaka filimbi ipulizwe, na hawatanii. Ukihitaji choo, ondoka filimbi ya mwisho mwisho ya kipindi, usisubiri mapumziko. Foleni huwa imeshajaa.

Siku ya mechi

Tangu 2013 viwanja vya NFL huruhusu mfuko wa plastiki unaoonekana ndani, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12 (takriban sentimita 30 kwa 15 kwa 30), au mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu wa galoni moja. Pochi ndogo isiyoonekana ndani isizidi inchi 4.5 kwa 6.5. Vifaa vya matibabu vina njia yake ya ukaguzi. Viwanja vya hoki kila kimoja kina kanuni zake, na vingine ni vikali zaidi. Soma ukurasa wa uwanja siku hiyo hiyo.

Ingiza tiketi kwenye pochi ya simu ukiwa nyumbani. Mbele ya geti, maelfu ya watu wakitumia mnara mmoja, mtandao husinzia. Siku ya baridi simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani betri hufa ghafla kwenye ubaridi, na bila simu huna tiketi.

Usafiri hutofautiana sana, hata ndani ya mji mmoja. Detroit viwanja vyote viwili viko katikati ya mji. Philadelphia ni majirani, na siku zote mbili zikigongana maegesho huwa vita. Buffalo, hoki iko mjini karibu na ziwa, futiboli iko Orchard Park, kitongoji cha kusini. Boston, hoki iko juu ya stesheni ya North Station, futiboli iko Foxborough, mwendo mrefu kusini, na treni ya siku ya mechi ina nafasi maalumu zinazokwisha mapema. Tafuta njia ya kutoka kabla ya njia ya kuingia: kufika watu hufika kwa mafungu, kuondoka huondoka pamoja.

Sasa baridi. Kiwanja cha hoki kina nyuzi za kutosha kwa sweta chini ya jezi, basi. Futiboli ya nje mwezi Desemba na Januari ni jambo jingine. Mechi ya Green Bay na Dallas ya tarehe 31 Desemba 1967 ilichezwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri za Selsiasi, na ile ya Kansas City na Miami ya Januari 2024 kwenye takriban 20 chini ya sifuri. Baada ya hiyo ya pili, baadhi ya watu waliotibiwa kwa kuganda vidole walikatwa vidole hivyo.

Anzia ngozini na pamba usiivae: ikilowa jasho haikauki, na unyevu unakuibia joto. Vaa sufu au poliesta nyembamba, kisha kitu kinene chenye hewa ndani, kisha koti lisilopitisha upepo. Jezi ivaliwe juu ya vyote, ndiyo maana jezi ya futiboli hununuliwa saizi moja au mbili zaidi. Buti ziwe na nafasi ya kuchezesha vidole. Soksi mbili ndani ya buti ya kubana hubana damu na miguu huganda haraka kuliko kwa soksi moja. Adui asiyetajwa ni zege la chini: chukua kipande cha boksi au sponji ngumu, simama juu yake, na ukalie kingine. Pakiti za kupasha mikono zina unga wa chuma unaoshika joto ukikutana na hewa, kwa hiyo zifungue nusu saa kabla, usizifungie mahali pasipo na hewa, na usiziweke moja kwa moja kwenye ngozi. Pombe hukufanya ujisikie umepata joto huku mwili ukilipoteza. Vidole vikigeuka vyeupe na kufa ganzi, ingia ndani. Hakuna robo ya nne yenye thamani ya kidole.

Lini upige kelele

Hapa ndipo shabiki maandazi hujulikana. Kwenye futiboli, kelele zote ni za wakati wapinzani wana mpira, kwa sababu wanalazimika kusikilizana kabla ya mchezo kuanza; wakishindwa, huanza mapema na kuadhibiwa yadi 5. Timu yako ikiwa na mpira, nyamaza. Mashabiki wapya hushangilia wakati huo huo kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa timu yao anapojaribu kuwaambia wenzake la kufanya. Seattle wamegeuza kelele hii kuwa silaha: Desemba 2013 uwanja wao ulipimwa desibeli 137.6. Kiwango hicho huumiza masikio, kwa hiyo vizibo vya masikio ni kwa kila mtu na watoto wavae vifunika-masikio vya povu.

Hoki haina kanuni hiyo. Piga kelele muda wote. Mchezaji mmoja akifunga mabao matatu, watu hurusha kofia barafuni. Rusha kofia tu. Kitu kingine chochote kinaweza kuiletea timu yako adhabu, na wewe utatolewa nje.

Jezi

Fupi: angalia mkataba wa mchezaji kabla ya kuandikisha jina lake mgongoni. Ligi zote mbili zina kikomo cha mishahara, NHL tangu 2005–06, na kikomo hicho ndicho huondoa vipenzi vya watu. Mwenye miaka mitano mbele ni salama zaidi. Nguli aliyestaafu ni salama kabisa. Fua kwa maji baridi, ndani ikiwa nje, anika. Mashine ya kukaushia hung'oa namba.

Miaka ya ukame

Itakuja. Sabres walikosa mtoano misimu 14 mfululizo, kuanzia 2011–12 hadi 2024–25. Jirani zao wa futiboli, Bills, walifika Super Bowl nne mfululizo, Januari 1991 hadi Januari 1994, wakafungwa zote. Detroit Lions walimaliza 2008 wakiwa wamepoteza mechi zote 16, na ushindi wao wa mtoano wa Januari 2024, 24–23 dhidi ya Rams, ulikuwa wa kwanza baada ya miaka 32.

Faida ya kuwa na timu mbili huonekana hapa, lakini iwapo tu utaitumia vizuri. Moja ikiwa imekufa kufikia Novemba, punguza saa zake, usizifute: badala ya mechi nzima tazama vijana wapya. Timu mbovu huchagua mapema kwenye usajili wa wachezaji chipukizi, wa NFL mwishoni mwa Aprili na wa NHL kiangazi, na aliyefuata vijana anakuwa na la kutazama. Kambi za mazoezi za futiboli za mwishoni mwa Julai nyingi huwa wazi kwa umma, baadhi bure kwa kujiandikisha, na za vijana wa hoki vivyo hivyo mapema Julai. Utawaona wachezaji kwa umbali ambao tiketi ya msimu haikupi.

Usiweke dau kwenye timu yako ili "kuongeza ladha". Unayemtakia ushindi humwoni kwa macho ya kawaida, na hasara ya fedha juu ya hasara ya mechi huua ushabiki haraka kuliko ukame wowote.

Ukame pia ndio wakati wa kupata viti. Watu huachia, orodha za kusubiri hufupika, klabu huanza kujadiliana. Piga simu ofisi ya tiketi timu ikiwa mkiani mwezi wa Februari, uliza viti gani vimeachwa, na omba kuvikalia mechi moja kabla ya kulipa. Ukishasaini, tafuta kifungu cha kujihuisha chenyewe: mikataba mingi humkata mtu fedha ya msimu ujao asipotoa taarifa kabla ya tarehe fulani, nayo mara nyingi hupita msimu ukiwa bado haujaisha. Weka ukumbusho wa siku 30 kabla ya tarehe hiyo kwenye ile kalenda, na mwingine wa siku 7.